Nukta Ndani ya Damu ya Wifi

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho na vyeti vya shule. Mtaani, kazini na kwa wakwe aliitwa Bi Kupe, na aliyembandika jina hilo alikuwa wifi yake, siku ya tatu tu baada ya harusi. Wageni walikuwa wamejaa sebuleni, vikombe mkononi, wifi akamgeukia bibi harusi na kumuuliza kwa sauti ya kusikika hadi uani, "Hebu tuambie, huko kazini kwako unafanya nini hasa?"

Bibi harusi, mgeni wa watu, akajibu kwa adabu kwamba anapima damu ya ng'ombe, mbuzi na mbwa, kutafuta magonjwa yanayoletwa na kupe.

Wifi akapiga makofi. "Jamani! Mdogo wangu kazunguka dunia nzima, kaniletea Bi Kupe!"

Sebule ikaangua kicheko. Bibi harusi naye akacheka, maana angefanya nini? Miaka ishirini na sita ikapita, watoto watatu wakazaliwa na kukua na kutawanyika, na jina halikubanduka.

Maabara ya mifugo aliyofanyia kazi ilikuwa nyuma ya ghala la chakula cha kuku, mwisho wa barabara ya vumbi. Chumba kimoja kirefu, sinki lenye madoa ya zambarau yasiyotoka kwa sabuni yoyote, dirisha kubwa, na meza ambayo Bi Kupe aliifuta kila asubuhi kabla hata ya kuvua viatu vya njiani. Alipokea damu iliyotandazwa juu ya vioo vyembamba, akaitia rangi, akaikausha, akadondosha tone la mafuta, kisha akaisoma kwenye hadubini. Alijifunzia kazi kwenye hadubini ya zamani ya jicho moja, na ingawa sasa alikuwa na ya macho mawili, bado alifumba jicho la kulia. Mkononi alishika kidude cha kuhesabia, kikilia ta, ta, ta siku nzima. Madaktari wa mifugo walimwamini kupita kiasi. Asichokiona yeye, walisema, basi hakipo.

Lakini kwa wifi, hiyo haikuwa kazi ya kujivunia. Wifi alikuwa fundi cherehani, mwanamke mrefu, mwenye mwili, mwenye duka lake na mafundi wanane chini yake. Mdomo wake haukuwa na breki. Bi Kupe akimkaribisha chai, wifi atamkazia macho: "Umenawa?" Akiambiwa amenawa, atasema, "Nawa tena." Alisema kwa mzaha, ila mzaha wa miaka ishirini na sita nao huchosha. Mara kadhaa Bi Kupe alifika nyumbani kwake, akamwambia mumewe, "Dada yako ananiona kama mfagia zizi." Mumewe, fundi redio mpole asiyependa ugomvi, alikuwa na jibu moja tu: "Mzoee, ndivyo alivyo." Na kweli, ndivyo alivyokuwa. Ndiye pia aliyemkesha Bi Kupe hospitali alipojifungua mtoto wa pili kwa upasuaji, akiwafokea wauguzi wote kwa zamu.

Mwaka ule, mwishoni mwa mvua, wifi alipata tenda ya kushona sare za wafanyakazi wa shamba kubwa la ng'ombe. Alikwenda mwenyewe kuchukua vipimo, akakaa huko siku tatu akipita kwenye majani marefu toka banda hadi banda na futi yake shingoni. Alirudi mzima, akakata vitambaa, akashona. Wiki mbili baadaye akaanza kuchoka. Kisha homa. Kisha homa kali ya kutetemesha kitanda.

Hospitali walichukua damu, wakaiangalia, wakaona vijidude ndani ya chembe nyekundu. Malaria, wakasema, tena nyingi. Wakamlaza na kumtundikia dawa. Hakuna aliyeshangaa; malaria ni ugonjwa wa kila nyumba.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, simu ya Bi Kupe ikaita kazini. Alikuwa mumewe, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Mama Watoto, dada hali si nzuri. Macho yamekuwa manjano. Na mkojo... mkojo wake ni kama chai ya rangi iliyokolea."

Bi Kupe aliweka kidude cha kuhesabia mezani. Mkojo wa namna hiyo alikuwa ameusikia ukisimuliwa mara mia na wafugaji. Ng'ombe anapata homa, anaacha kula, anakojoa mkojo mwekundu hadi mweusi, fizi zinakuwa nyeupe kama karatasi. Wafugaji hawahitaji hadubini kuujua ugonjwa huo. Wanajua ni kupe.

Lakini aliyekuwa kitandani ni mtu. Angesema nini, na angemwambia nani? Alivua koti, akakiaga chumba kizima kwa neno moja, akaenda.

Wifi alikuwa kitanda cha mwisho dirishani, kanga imemfunika hadi kidevuni. Yule mwanamke aliyejaza mlango kila alipoingia sasa alionekana kama nguo iliyoanikwa. Midomo ilikauka. Alipomwona Bi Kupe akajitahidi kutabasamu.

"Umenawa?" akanong'ona.

"Nimenawa, wifi."

"Nawa tena."

Bi Kupe akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono. Ulikuwa wa moto kama pasi. Kwenye ngozi ya mkono akaona vidoadoa vyekundu vidogo, kama mtu aliyechomwachomwa na ncha ya sindano.

Daktari akaja, msichana mdogo wa umri wa mwanawe wa kwanza, macho mekundu kwa uchovu. Alishika karatasi za majibu kama mtu aliyeshika barua ya kufukuzwa. Mume wa Bi Kupe akasimama kumpisha.

"Nitawaambia ukweli," daktari akasema. "Damu imeshuka hadi sita. Juzi ilikuwa tisa. Chembe za kugandisha damu zimebaki elfu ishirini na tisa, na mtu mzima anatakiwa awe na zaidi ya laki moja na nusu. Chembe nyeupe nazo chache. Na wale vimelea, badala ya kupungua kwa dawa, wameongezeka. Sielewi. Kile kipimo cha haraka cha malaria nimekirudia mara mbili, kinasema hana. Hadubini inasema anao."

Bi Kupe akauliza taratibu, "Daktari, hao vimelea, wameacha rangi ya kahawia ndani ya chembe?"

Daktari akamtazama upya. "Mama, wewe ni mtu wa afya?"

"Ni mtu wa maabara."

"Maabara gani?"

Hapo Bi Kupe alishusha sauti. "Ya mifugo."

Kitanda cha jirani mtu akakohoa. Mumewe akatazama viatu vyake. Daktari hakucheka. Alikunja zile karatasi, akasema, "Twende ukaangalie."

Msimamizi wa maabara ya hospitali alikuwa mwanamume mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, mtu wa utaratibu. Aliposikia mgeni ni nani, akaweka kiganja juu ya hadubini kama anayelinda sahani yake isiliwe.

"Daktari, kwa heshima zote, hapa tunapima watu."

"Najua, kaka," Bi Kupe akasema kabla daktari hajajibu. "Wewe umewapima wengi kuliko mimi. Mimi naomba dakika kumi tu. Nikiwa nimekosea, nitaondoka na hutaniona tena."

Msimamizi akamtazama daktari, daktari akamtazama yeye. Kiganja kikaondoka.

Bi Kupe alikaa. Akafumba jicho la kulia.

Kitu cha kwanza alichokiona kilimtuliza. Ulimwengu ulikuwa uleule: chembe nyekundu zimetawanyika kama vifungo vilivyomwagika mezani, hapa na pale chembe nyeupe yenye kiini cha zambarau. Kisha akaanza kuwaona. Vijipete vidogo, vingine vikubwa, vingine viwili ndani ya chembe moja, vimechongoka kama machozi, ncha zimegusana. Akasogeza kioo. Pete nyingine nje kabisa ya chembe, inaelea peke yake. Akasogeza tena, kwa subira, uwanja mmoja wa lenzi hadi mwingine. Hakuna hata chembe moja iliyokuwa na ile rangi ya kahawia ambayo malaria huiacha inapokomaa. Halafu, karibu na ukingo wa kioo, akaona wanne wameungana katikati, kama msalaba mdogo.

Kwa ng'ombe angeshaandika jibu. Lakini kulikuwa na kitu kingine, nacho kilimsumbua. Ndani ya chembe nyingi mlikuwa na nukta moja ya mviringo, nyeusi, safi, iliyokaa pembeni. Haikuwa kimelea. Kimelea kina mwili na kiini. Hii ilikuwa nukta tupu, kama alama ya kalamu. Alikuwa ameziona nukta hizi wapi? Akakumbuka: mbwa wa polisi, mkubwa, mkali, aliyegongwa na gari na kufanyiwa upasuaji. Baada ya hapo damu yake yote ilijaa nukta kama hizo. Daktari wa mifugo alimweleza kwamba ni mabaki ya kiini cha chembe, na kwamba bandama ndilo huyafagia. Asiye na bandama hubaki nayo.

Akainua uso. "Daktari, mgonjwa huyu ana bandama?"

"Hakuna kitu kama hicho kwenye faili. Tumemuuliza kama amewahi kufanyiwa upasuaji, akasema hapana."

"Naomba nikamuulize mimi."

Alirudi wodini karibu anakimbia. Akamwomba mumewe atoke nje kidogo, akavuta pazia, akainama hadi uso wake ukawa karibu na wa wifi.

"Wifi, nisikilize. Tumboni una kovu?"

Macho ya manjano yakageukia dirishani.

"Wifi. Sikuulizi kwa udaku."

Kisha wifi akasema, na sauti ilikuwa ya msichana, si ya mwenye duka, "Nilianguka kutoka nyuma ya lori. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kuna kitu kilipasuka ndani, wakakitoa. Mama alisema nisimwambie mtu yeyote, hata mdogo wangu. Alisema watu wakijua nimepungua kiungo, hakuna atakayenioa." Akapumua kwa shida. "Na kweli hakuna aliyenioa. Kwa hiyo hata siri yenyewe haikunisaidia. Nani kakwambia?"

"Damu yako, wifi."

Wifi akamkazia macho. Chozi moja likashuka hadi sikioni. "Hiyo damu nayo ina mdomo kama wangu," akasema.

Bi Kupe alirudi maabara akiwa amepiga moyo konde. Aliwaeleza daktari na msimamizi polepole, jambo baada ya jambo. Vijidude hivi si malaria. Ni babesia, vimelea vinavyoletwa na kupe, na mgonjwa alikaa siku tatu kwenye majani ya shamba la ng'ombe. Mtu mwenye bandama zima angeweza kupigana nao. Huyu hana, kwa hiyo chembe nyekundu zinapasuliwa bila kitu cha kuwazuia vimelea. Ndiyo maana damu inashuka, ndiyo maana mkojo ni mweusi, na chembe za kugandisha zinakwisha pamoja nazo.

Msimamizi alivuta kiti, akainamia hadubini. Alikaa hapo muda mrefu. Wanawake wawili wakasimama nyuma yake.

"Huu msalaba," hatimaye akasema, bila kuinua kichwa. "Jana niliuona. Nikadhani ni uchafu wa rangi." Akainuka, akamtazama Bi Kupe usoni. "Mama, nilikosea."

"Kama ningekuwa nimezoea malaria kama wewe, ningekosea vilevile. Tuhesabu."

Wakahesabu pamoja, yeye akitamka, msimamizi akibonyeza. Katika kila chembe mia, kumi na nne zilikuwa na wageni.

Daktari alikwisha kushika simu. Alimpigia bingwa wa magonjwa ya damu katika hospitali ya rufaa, akamsomea kila kitu, na mara mbili akasema "ndiyo, hana bandama, tumethibitisha." Alipokata simu uso wake ulikuwa umebadilika, ulikuwa uso wa mtu aliyepewa njia. Mgonjwa aachishwe dawa ya malaria, aanzishwe dawa mbili nyingine kwa pamoja, na abadilishiwe damu: itolewe kidogo yenye vimelea, iingizwe kidogo iliyo safi, hivyohivyo mpaka sehemu kubwa iwe mpya. Sampuli nyingine ipelekwe rufaa kwa uthibitisho.

Damu ilihitajika nyingi. Mume wa Bi Kupe alipiga simu dukani kwa dada yake. Haikupita saa moja, mafundi wanane wakaingia hospitali wameongozana, wengine bado wana pini kifuani na nyuzi kwenye nywele. Walikaa foleni kwenye benchi la uchangiaji, na aliyekuwa mkubwa wao akamwambia muuguzi, "Chukua yote unayotaka. Huyo mama asiporudi, nani atatutukana?"

Kazi ya kubadilisha damu ilichukua mchana kutwa. Bi Kupe hakutakiwa kuwa pale, lakini hakuna aliyemwambia aondoke.

Kesho yake asubuhi msimamizi alimsubiri mlangoni na kioo kipya. "Soma wewe kwanza," akasema. Alisoma: tano katika mia. Siku iliyofuata, mbili. Damu ya wifi ilikuwa imepanda hadi nane na haikushuka tena. Siku ya nne Bi Kupe ilimlazimu kutafuta sana ndipo ampate mmoja, na alipompata alimtukana kimoyomoyo. Chembe za kugandisha damu zilipanda elfu hamsini, kisha tisini, kisha laki moja na ishirini, na daktari alizisoma wodini kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Vile vidoa vyekundu mikononi vikafifia. Mkojo ukawa wa kawaida, habari ambayo wifi aliitangaza kwa wodi nzima bila aibu yoyote.

Siku ya saba Bi Kupe alipita nyanja mia tatu za kioo. Msimamizi alikuwa kando yake, daktari nyuma, na kwa namna fulani wafanyakazi wawili wa zamu nyingine nao walijikuta hawana kazi ila kusimama pale. Kidude cha kuhesabia kilikaa kimya mkononi mwake. Alifika mwisho wa kioo, akarudi mwanzo, akakipita tena. Kisha akafumbua jicho la kulia na kuinua kichwa.

"Hakuna," akasema.

"Hata mmoja?" daktari akauliza.

"Hata kivuli chake."

Daktari alimkumbatia kwa nguvu hadi miwani yake ikaanguka. Msimamizi, mtu wa utaratibu, alipiga meza kwa kiganja mara tatu, kalamu zote zikaruka mfukoni. Siku mbili baadaye majibu ya rufaa yakaja, na yalisema neno lilelile ambalo Bi Kupe alilisema akiwa na hadubini tu.

Wifi aliruhusiwa mwisho wa wiki ya tatu, akiwa na dawa za kuendelea nazo nyumbani, chanjo zinazomfaa asiye na bandama, na kadi mfukoni inayoeleza hali yake ili daktari yeyote ajue. Alitoka wodini kwa miguu yake, nguo imempwaya, akimlaumu mdogo wake kwa kumletea viatu visivyolingana. Kwenye ngazi alisimama kupumzika. Akamshika Bi Kupe begani, si kwa kujiegemeza.

"Miaka yote hii nilidhani unatazama uchafu," akasema. "Kumbe ulikuwa unasoma."

"Nilikuwa nasoma, wifi."

"Basi na mimi sikuwa nimejua kusoma watu." Kisha, kwa kuwa hakuweza kukaa muda mrefu bila kufoka, akaongeza, "Usilie hapa, watu watadhani nimekufa."

Mwezi uliofuata daktari aliandaa somo kwa wahudumu wa wilaya nzima na kumwita Bi Kupe alifundishe yeye. Ukumbi ulijaa. Alisimama mbele ya picha ya damu iliyokuzwa ukutani, akaanza kwa sauti ndogo. Alieleza pete, machozi yaliyogusana ncha, msalaba, na nukta nyeusi za mtu asiye na bandama. Wakamuuliza maswali saa nzima. Sauti yake ikakua. Mtu akauliza kama si hatari mtu wa mifugo kujiingiza kwenye damu ya binadamu, na kabla hajajibu, kutoka kiti cha nyuma wifi alisimama na urefu wake wote.

"Damu yenyewe ni hii hapa, imesimama," akasema. "Swali lingine!"

Ukumbi ulipasuka kwa vicheko na makofi, na makofi hayo yalimfuata Bi Kupe hadi alipokaa.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokatika, simu yake iliita tena kazini saa za asubuhi. Alikuwa msimamizi wa maabara ya hospitali, anaongea haraka. Kuna mkamua maziwa, mzee, ameletwa na homa ya siku mbili. Kipimo cha haraka kimesema hana malaria. Chembe za kugandisha damu ziko chini.

"Nimewaona, mama," akasema. "Wawili wawili, ncha zimegusana, na hakuna kahawia. Wachache bado, hawajafika hata mmoja katika mia. Daktari ameshaanza dawa."

"Sasa unanipigia ya nini, kaka, kama umeshawaona?"

"Nataka tu uje uwaone na wewe," msimamizi akasema, na Bi Kupe alisikia jinsi alivyokuwa akitabasamu.

Alivua koti, akachukua mkoba, akaenda. Alipofika walimpisha kiti. Aliinamia hadubini, akasogeza kioo mara moja, mara mbili, akasimama.

"Ndio wenyewe," akasema. "Umewawahi."

Wodini yule mzee alikuwa ameketi kitandani, anakula, akiuliza ni lini ataruhusiwa kurudi kwa ng'ombe wake.